Kipande cha Kumi

Mama mkwe wangu aliingia kwangu Jumatatu, siku mbili kabla ya Pasaka yetu, na kabla hajavua koti alipitisha kidole juu ya jokofu, akakitazama, akasema, "Mh." Miaka ishirini na miwili nimeolewa na mwanawe, na hiyo "Mh" naijua kuliko sala zangu. Maana yake hajaona vumbi, na bado hajakata tamaa.

"Karibu, Mama," nikamwambia. "Juu ya kabati hujapitisha. Nikuletee kiti upande?"

"Nitapanda nikishapumzika. Treni ilijaa vijana wenye miguu mirefu, nimekaa nimejikunja njia nzima."

Ndivyo tulivyo mimi na Edmée. Yeye ni Myahudi wa Alsasi, huku mashariki ya Ufaransa, mjane wa miaka themanini na minne, mzaliwa wa Colmar. Babu zake walikuwa wachuuzi wa ng'ombe bondeni kule tangu enzi za wafalme, na ukimsikiliza vizuri utadhani Musa naye alikuwa mtu wa kijijini kwao. Mimi nimezaliwa hapa hapa Strasbourg, lakini wazazi wangu walitoka Meknès, Moroko, kwa hiyo kwake mimi ni mtu wa kuja. Tofauti yetu kubwa ni wali. Sisi Wayahudi wa Moroko tunakula wali kwenye Pasaka. Wao wa Alsasi hawaugusi siku hizo nane. Wanauhesabu karibu sawa na mkate, na mkate, kama ujuavyo, siku hizo hautakiwi hata kuonekana ndani ya nyumba. Basi kila mwaka akija ananikuta nimetandika kitambaa cheupe mezani, nachambua mchele punje kwa punje, mara tatu, kama mama yangu alivyonifundisha, isije ikabaki hata chembe moja ya ngano. Na kila mwaka anasimama nyuma ya kiti changu kunisimanga.

"Pale, pale, umeruka moja. Na hiyo nayo ni punje au ni jino la mtu?"

Nami namjibu, tena simjibu kwa adabu. Mume wangu Raymond huenda kujifungia bafuni mpaka tumalize.

Mwaka huu Raymond alinikataza. "Wali tuuache, Solange," alisema wiki moja kabla. "Usimchokoze. Nataka tumwone akiwa ametulia."

Tumwone. Neno hilo halikuwa la bure. Mwezi wa pili jirani yake wa Colmar alikuta maji yanateremka ngazi za jengo zima. Edmée alikuwa amefungulia maji ya kuoga, akaenda zake sokoni. Mwezi wa tatu walimkuta kituo cha basi amevaa ndala za chumbani. Wifi yangu Mireille, anayeishi Lyon na anayependa kupanga mambo ya watu kwa simu, akatafuta chumba katika nyumba ya wazee hapa mjini. Akakipata. Wenye nyumba wakataka jibu Jumatano saa sita mchana, kabla ya sikukuu kuanza, la sivyo anapewa mwingine. Kwa hiyo Raymond na dada yake wakakubaliana kwamba mama aje kwetu, tumtazame siku mbili. Akionekana mzima, abaki kwake Colmar, kwenye nyumba aliyoishi miaka hamsini, na mtu wa kumsaidia asubuhi. Asipoonekana mzima, chumba. Yeye mwenyewe hakuambiwa. Alikuja kusherehekea, kumbe amekuja kwenye mtihani.

Jioni ile alipokuwa akitoa nguo kwenye mkoba aliniuliza, "Mchele umeshachambua?"

"Bado, Mama," nikajibu.

Lilikuwa jibu la woga. Mfuko wa kilo mbili ulikuwa kwenye kabati la chini, nimeufunga fundo, na sikuwa na nia ya kuugusa. Ningemwambia ukweli angeuliza kwa nini, na mimi kudanganya kirefu siwezi. Akasema "Mh" nyingine, lakini hii ilikuwa na uchangamfu ndani yake.

Jumanne ilikuwa siku ndefu. Edmée hakutulia. Alikwenda dirishani, akarudi, akafungua droo ya vijiko, akaifunga. Alimwuliza binti yetu Ariane mtihani wake ni lini, na Ariane akamjibu Alhamisi ya baada ya sikukuu. Baada ya dakika kumi akamwuliza tena. Mara ya tatu Ariane, ambaye ana miaka kumi na mitano na subira ya kiberiti, alisema, "Bibi, nimekwambia Alhamisi!" Raymond akanitazama kwa juu ya miwani. Nikageuza uso. Sikupenda kutazamwa hivyo, kana kwamba tuko kwenye kamati.

Usiku wa kuamkia siku ya Pasaka, giza likishaingia, mwenye nyumba hupita na mshumaa akitafuta mkate uliobaki. Nyumba inakuwa imesuguliwa mpaka kucha zinauma, hakuna cha kupatikana, kwa hiyo mtu huficha vipande kumi vya mkate makusudi ili msako usiwe wa bure. Kwetu huwa anaficha Ariane. Jioni ile Edmée alisimama katikati ya sebule, akasema:

"Mwaka huu naficha mimi. Marehemu mume wangu Armand nilimfichia miaka hamsini, hakuwahi kuvimaliza bila kunilaani."

"Sawa!" Raymond alijibu. Alijibu upesi mno.

Nilimfuata jikoni. "Unamtega mama yako?"

"Simtegi. Si ameomba mwenyewe?"

"Basi mpe karatasi aandike anapoficha, kama watu wote."

Akampa karatasi na kalamu. Edmée aliviangalia kama mtu aliyepewa mkongojo asiouomba. "Niandike? Nyumba yenyewe vyumba vinne! Nikianza kuandika kwa nyumba hii, kwa jumba la meya nitafanyaje?"

Alikata vipande kumi kutoka kwenye mkate aliokuja nao, ule mweusi wa Colmar wenye mbegu za kisibiti. Uliobaki Ariane aliula wote kwa jibini. Kila kipande alikifunga kwenye ukurasa wa kalenda ya mwaka jana na kukizungushia uzi mwekundu. Kisha akatufungia sote chumbani. Tukakaa kitandani watu watatu, tukimsikiliza: mlango, droo, kiti kinaburutwa, kimya, mlango tena. Mara moja tulimsikia akicheka peke yake. Raymond akafumba macho.

Tulizima taa. Raymond akasoma baraka, akashika mshumaa, unyoya wa kufagilia makombo na kijiko cha mbao cha kuyakingia, na msako ukaanza. Kimoja dirishani. Kimoja chini ya kinanda. Kimoja ndani ya kiatu cha Raymond mwenyewe, na Edmée akapiga makofi. Jikoni Raymond alifungua kabati la chini, akapitisha unyoya juu ya mfuko wa mchele, akalifunga. Vikafika tisa.

"Mama, bado kimoja," alisema.

"Tafuta."

Akatafuta. Tukawasha taa, tukatafuta wote. Ariane akalala tumboni kuchungulia chini ya kochi.

"Mama, kiko upande gani? Tupe japo chumba."

Edmée alisimama na vidole mdomoni. Niliona macho yake yakienda mlangoni, yakienda kwenye kinanda, yakirudi mlangoni. Kisha akasema, "Solange atakipata."

"Sawa, lakini kiko wapi?"

"Nimesema Solange atakipata."

Nilidhani ni kijembe. Nilidhani anamaanisha, yeye ndiye msafishaji, basi asafishe. Nikajibu kwamba mimi si mbwa wa polisi. Raymond akajaribu kuyamaliza. Akasoma yale maneno ya kufunga msako, kwamba chachu yote iliyobaki, niliyoiona na nisiyoiona, ihesabiwe si kitu, kama mavumbi ya ardhi.

"Umeona, Mama? Sheria imeshatupa njia. Hata kikibaki, hakipo."

"Sheria sawa," akasema Edmée. "Na mimi je?"

Raymond akazima mshumaa. Tukaenda kulala, au tuseme tukaenda kusikiliza, maana hakulala.

Asubuhi foronya zote za sebuleni zilikuwa zimevuliwa na vitabu viko sakafuni. Edmée alikuwa jikoni, amevaa koti juu ya gauni la kulalia, ameinama mbele ya jiko la kuokea. Aliponiona akasema, safari hii polepole, "Solange atakipata," na sikusikia kijembe chochote. Nilisikia mtu anayeomba.

Niseme ukweli. Miaka mingi nilikuwa nikijiambia kwamba siku moja mwanamke huyu atashuka, nami nitakuwepo kutazama. Sasa ameshuka, na nilitamani kukimbia. Mkate unatakiwa kuwa umeshateketezwa saa sita na dakika ishirini. Mireille angepiga simu saa sita. Ilikuwa saa tano.

Nikatoka kwenye baraza, ambako Ariane alikuwa akimalizia mkate wa mwisho kabla saa ya kula mkate haijapita, makombo yote kwenye gazeti. Nikakata kipande cha mkate ule mkononi mwake. Ukurasa wa kalenda ulikuwa bado mezani, na uzi ulikuwepo. Nikafunga, nikahesabu pumzi tatu, nikapiga kelele:

"Nimekipata! Nyuma ya redio!"

Raymond alikuja na povu la kunyolea kwenye shavu moja. Alinikumbatia, akamkumbatia mama yake, akanipaka povu. "Nyuma ya redio! Mama, wewe! Mimi pale nimepita mara nne!"

Edmée alikipokea. Akakipima kiganjani. Akafungua uzi, na hapo ndipo nilipoona upumbavu wangu, maana ndani kulikuwa na mkate mweupe kama pamba, wala hauna mbegu hata moja. Raymond hakuona kitu. Mwanamume yule hawezi kutofautisha mkate na sponji. Edmée aliuangalia, akaniangalia mimi, akafunga uzi tena taratibu.

"Ndiyo," akasema. "Nyuma ya redio. Sasa nimekumbuka."

Raymond akaenda chumbani kumpigia dada yake, hakutaka hata kusubiri saa sita. Tulimsikia kupitia mlangoni: "Yuko vizuri. Nakwambia yuko vizuri kuliko sisi. Waambie chumba hatukitaki."

"Funga mlango," Edmée akaniambia. Nikafunga. Akaketi. "Hicho chumba kinatazama wapi?"

"Chumba gani, Mama?"

"Solange."

"Bustanini. Kuna miti."

"Mwambie Raymond akichukue."

"Lakini kipande kimepatikana..."

"Sikiliza. Miaka ishirini na miwili umeniambia supu yangu ni maji ya bahari. Umeniambia kofia yangu ya harusi ya Mireille ilitisha watoto. Umeniambia mwanangu nimemlea vibaya, tena mbele yake. Hata siku moja hujanionea huruma. Daktari ananionea, majirani wananionea, Mireille kila Jumapili kwenye simu ananisemesha kama mtoto wa chekechea. Nikawa nasema moyoni, bado yupo Solange. Siku Solange akinihurumia, ndiyo basi." Akaweka kile kipande cheupe mezani. "Haya, umenihurumia."

Nililia. Sina haja ya kuficha. Nililia nikiwa nimesimama, nimeshika kitasa cha mlango, na yeye hakunibembeleza, jambo ambalo nalishukuru. Halafu hasira zikanipanda, zile zangu za Meknès, kwa Raymond, kwa Mireille, kwa mimi mwenyewe na adabu yangu ya siku mbili.

"Sawa!" nikasema. "Kama ni hivyo, leo napika wali. Nilikatazwa kwa ajili yako, sasa katazo limekwisha. Na utakaa mezani uutazame."

"Ulikatazwa? Si uliniambia bado hujachambua?"

"Nilikudanganya."

Nilifungua kabati la chini, nikautoa mfuko. Fundo halikuwa langu. Mimi nafunga moja. Hili lilikuwa limefungwa mara mbili. Sikuwaza kitu, nilikuwa nimeshapandwa na hasira. Nikatandika kitambaa cheupe, nikaumimina mchele wote kwa fujo, na katikati ya rundo lile jeupe kikaanguka kifurushi cha karatasi chenye uzi mwekundu.

Nikakifungua. Mkate mweusi, mbegu za kisibiti.

Edmée alikitazama muda mrefu. Kisha mabega yakaanza kumcheza, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Mara tatu, eh?" alisema akihema. "Mara tatu unachambua! Nilikuwa nisimame nyuma ya kiti. Utie mkono, upige ukelele, nami niseme, mara tatu, eh? Nilicheka nalo treni nzima kutoka Colmar."

"Ndiyo maana ulisema nitakipata."

"Hilo sikulisahau. Mahali ndipo paliponitoka kichwani. Palitoka kabisa, Solange, kama hapajawahi kuwepo. Mkono wako nilikuwa nauona. Nilikuwa najua utatia mkono mahali fulani."

Na mimi, kwa heshima, sikuutia. Wiki nzima nilikuwa nikijipongeza kwa upole wangu, na upole ule ndio uliomzungusha mwanamke wa miaka themanini na minne usiku kucha, akivua foronya.

Nikamwita Raymond. Nilimweleza yote, na la redio. Alisimama na simu mkononi, shavu moja limenyolewa, na uso ukamng'aa. "Basi ulikuwa mzima, Mama! Ilikuwa mzaha! Kama Solange angechambua tu..."

"Nilisahau, Raymond," Edmée akasema. "Mzaha ulikuwa mzuri, nami nikausahau. Jioni nimeweka kitu kwa mkono wangu, usiku kucha nakitafuta. Na yale maji ya ngazini nayo yalikuwa mzaha? Mpigie dada yako, kabla hawajampa mwingine."

"Mama, tunaweza..."

"Mpigie. Lakini waambie lile jambo nalijua, nimeamua mimi, wasije wakanichekeachekea mlangoni. Na huyu" — akaninyooshea kidole — "aje kila Alhamisi. Asije na maua wala na huruma. Aje na mdomo wake."

Raymond akapiga simu palepale mbele yetu. Sauti ilimkatika mara mbili, na mama yake akamwambia ajinyoe shavu la pili kabla hajaanza kulia, povu litaingia machoni.

Tulishuka uani na ndoo ya bati ya zamani. Vipande vilikuwa kumi na kimoja, na Ariane akauliza kama hicho cha ziada kina dhambi yake peke yake. Nikamwambia anyamaze. Edmée ndiye aliyewasha kiberiti. Alisoma yale maneno mwenyewe, taratibu, chachu niliyoiona na nisiyoiona, niliyoiondoa na nisiyoiondoa, na alipofika kwenye mavumbi ya ardhi alinishika mkono wa sweta akawa haachii. Moto ulipozima ilikuwa saa sita na dakika kumi na tano.

Tuliporudi jikoni Raymond akataka kumpigia rabi kuuliza kama mchele uliolala na mkate unafaa. "Kilikuwa kimefungwa kwenye karatasi," Edmée akamjibu. "Achambue mara nne. Mimi sili, hainihusu."

Nikaketi. Nikavuta kitambaa, nikaanza. Macho yalikuwa yamevimba, mchele nauona kwa ukungu. Yeye akaja akasimama nyuma ya kiti changu, mahali pake pa siku zote. Nilisikia anavyopumua. Nilielewa kwamba anasubiri, na kwamba anaogopa.

"Umeruka moja," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo.

Nilikuwa sijaruka. Nilimwambia kwamba macho yenyewe hana, kwamba supu yake ya jana ilikuwa maji ya bahari, na kwamba akinipumulia shingoni tena namtoa jikoni kwangu na koti lake.

"Mh," akasema Edmée, akavuta kiti, akaketi karibu yangu.